Kunakili stringi kwa kasi katika asembli ya x86-64: mwongozo kamili, kutoka baiti moja hadi 16 kwa mkupuo

Kunakili stringi huonekana kazi ndogo mpaka uangalie inavyofanyika ndani ya prosesa. Stringi ya mtindo wa C haibebi urefu wake; inaishia pale inapokutwa baiti yenye thamani 0. Kwa hiyo fanksheni ya kunakili ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuhamisha baiti, na kutafuta mwisho. Kuhamisha ni rahisi. Kutafuta mwisho ndiko kunakokula muda, tena ndiko kunakoleta hatari, kwa sababu ukitaka kasi lazima usome baiti nyingi kwa mkupuo, na ukisoma nyingi kwa mkupuo utajikuta umesoma hata zile zilizo baada ya mwisho. Mwongozo huu umesimama juu ya kanuni moja: kusoma kupita mwisho kunawezekana bila madhara ukijua ukurasa wa kumbukumbu (kipande ambacho mfumo wa uendeshaji hukilinda kwa pamoja) unaishia wapi, kuandika kupita mwisho ni marufuku kabisa.

Mifano imeandikwa kwa NASM (programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine), kwa utaratibu wa kuita fanksheni unaotumika kwenye Linux: anwani ya lengo inakuja ndani ya rdi, ya chanzo ndani ya rsi, na jibu linarudi kwenye rax. Rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) rcx, rdx, r8 hadi r11 na zote za xmm, zile za baiti 16, unaweza kuzichafua bila kuzihifadhi. Chanzo na lengo visipishane kwenye kumbukumbu. Sharti hilo ni lilelile la strcpy, fanksheni ya C ya kunakili stringi. Kumbuka pia kwamba fanksheni hii haijui lengo lina nafasi kiasi gani. Anayeiita ndiye anayepaswa kuhakikisha nafasi inatosha.

Andaa majaribio kwanza

Usiguse kasi kabla ya kuwa na jaribio linaloweza kukukamata ukikosea. Makosa ya aina hii hujificha vizuri: msimbo mbovu unaweza kufanya kazi mwezi mzima, kisha stringi moja ikaangukia mwishoni mwa ukurasa na programu ikauawa.

Jaribio lenyewe linatengenezwa hivi. Iombe Linux kurasa mbili mfululizo kwa mmap, kisha ifunge ile ya pili kwa mprotect ukitumia PROT_NONE, yaani bila ruhusa yoyote. Sasa weka stringi ili baiti yake ya sifuri iwe ndiyo baiti ya mwisho ya ukurasa wa kwanza. Fanksheni ikithubutu kusoma hata baiti moja ndani ya ukurasa uliofungwa, programu inakufa papo hapo na unajua. Fanya hivyohivyo upande wa lengo ukitumia jozi nyingine ya kurasa. Pitia urefu wote kuanzia 0 hadi 200 hivi, halafu rudia kwa kusogeza chanzo na lengo baiti moja moja. Kabla ya kila jaribio jaza eneo la lengo kwa 0xAA, na baadaye hakiki kwamba baiti inayotangulia lengo na ile inayofuata sifuri bado ni 0xAA. Bila ukaguzi huo wa mwisho, kosa la kuandika ziada litakupita bila kuliona.

Hatua ya kwanza: lupu ya baiti moja, iliyo safi

```
nakili:
    mov   rax, rdi
    sub   rdi, rsi    ; rdi sasa ni umbali: lengo - chanzo
.lupu:
    movzx ecx, byte [rsi]
    mov   [rsi+rdi], cl
    inc   rsi
    test  ecx, ecx
    jnz   .lupu
    ret
```

Kuna mambo mawili ya kutazama hapa. La kwanza ni ile sub. Badala ya kusogeza vielekezi viwili, tunahifadhi umbali kati yao na kusogeza kimoja tu, hivyo amri moja inatoka ndani ya lupu. La pili ni movzx. Ungeandika `mov cl, [rsi]`, prosesa nyingi za leo zingelazimika kuunganisha baiti mpya na biti za zamani za rcx, na hivyo kila mzunguko wa lupu ungesubiri ule uliotangulia. movzx inaandika rejista nzima, na utegemezi huo unakatika.

Jiepushe na lodsb na stosb, amri za kusoma na kuandika baiti moja huku kielekezi kikisogea chenyewe. Zinapendeza machoni na zinachukua nafasi ndogo, lakini ndani ya prosesa kila moja huvunjwa kuwa vitendo kadhaa, na movzx ya kawaida ikifuatiwa na mov huzishinda.

Hata ikiwa safi namna hii, lupu hii haiwezi kuzidi karibu baiti moja kwa kila mzunguko wa saa kwenye prosesa nyingi, kwa kuwa kila baiti inadai kuandika mara moja na kuruka mara moja. Ukitaka zaidi ya hapo, acha kuhesabu baiti moja moja.

Hatua ya pili: baiti nane ndani ya rejista ya kawaida

Rejista ya biti 64 inabeba baiti nane. Swali ni namna ya kujua kama mojawapo ni sifuri bila kuzikagua moja moja. Jibu ni fomula inayohusishwa na Alan Mycroft, tangu 1987:

(x − 0x0101010101010101) AND (NOT x) AND 0x8080808080808080

Ifuatilie kwa baiti moja. Chukua herufi A, yaani 0x41. Ukitoa 1 unapata 0x40; kinyume cha 0x41 ni 0xBE; AND ya hizo mbili ni 0x00. Hakuna alama. Chukua baiti kubwa, 0xC3: kinyume chake ni 0x3C, ambayo biti yake ya juu ni 0, kwa hiyo AND na 0x80 itatoa 0 vyovyote iwavyo. Sasa chukua 0x00: ukitoa 1 unapata 0xFF, kinyume chake ni 0xFF, na AND na 0x80 inabakiza 0x80. Alama imewaka. Sifuri pekee ndiyo inayoiwasha.

Isipokuwa katika hali moja ambayo inafaa kuielewa vizuri. Kutoa kwenye baiti ya sifuri hukopa kutoka baiti ya juu yake. Ikiwa baiti hiyo ya juu ni 0x01, inatolewa 1 na mkopo wa 1, inakuwa 0xFF, na alama ya uongo inawaka. Lakini mkopo husafiri kwenda juu tu, kwa hiyo alama ya chini kabisa daima ni ya kweli. Kwenye x86 baiti ya kwanza ya kumbukumbu ndiyo ya chini kwenye rejista, hivyo bsf, inayotafuta biti ya chini iliyowaka, hukupa jibu sahihi. Kwenye mashine zinazopanga baiti kinyume, uhakika huo haupo.

```
    mov   r8, 0x0101010101010101
    mov   r9, 0x8080808080808080
.nane:
    mov   rcx, [rsi]
    mov   rdx, rcx
    mov   r10, rcx
    sub   rdx, r8
    not   r10
    and   rdx, r10
    and   rdx, r9
    jnz   .kuna_sifuri
    mov   [rsi+rdi], rcx
    add   rsi, 8
    jmp   .nane
```

Kabla ya kuingia hapa, nakili baiti moja moja mpaka rsi igawanyike kwa 8. Ukifika .kuna_sifuri, baiti zote zimo tayari ndani ya rcx: andika cl, angalia kama ni 0, sukuma rcx kulia kwa biti 8, songa mbele, rudia.

Kwa sasa hatua hii ina faida kubwa zaidi pale usiporuhusiwa kugusa rejista za xmm, kwa mfano ndani ya kerneli. Kwingineko kote, ipite uende inayofuata.

Kwa nini mpaka wa ukurasa ndio kiini cha yote

Mfumo wa uendeshaji hugawa kumbukumbu kwa kurasa, na kwenye x86 ukurasa wa kawaida ni baiti 4096. Ulinzi unawekwa kwa ukurasa mzima: ama una ruhusa ya kuusoma wote, ama huna hata kidogo. Kwa hiyo ukisoma baiti 16 kutoka anwani inayogawanyika kwa 16, baiti zote 16 zimo ndani ya ukurasa mmoja, maana 4096 inagawanyika kwa 16. Ikiwa hata moja kati ya hizo ni ya stringi yako, una haki ya kuzisoma zote. Kurasa kubwa zaidi haziharibu hoja hii, kwani nazo ni vizidishe vya 4096.

Ruhusa hiyo ni ya asembli, si ya C. Ukiandika usomaji wa namna hii kwa C, sheria za lugha zinaiachia kompaila ifanye itakavyo. Valgrind, zana ya kukagua makosa ya kumbukumbu, nayo inaweza kukulalamikia. Na usitumie mbinu hii kamwe kwenye anwani za vifaa, ambako kusoma tu kunaweza kubadilisha hali ya kifaa.

Hatua ya tatu: baiti 16 kwa SSE2

SSE2, kundi la amri zinazoshughulikia baiti 16 kwa pamoja, ilikuja na Pentium 4 mwaka 2000, na kila prosesa ya x86-64 inayo, kwa hiyo huhitaji kuuliza kama ipo. Amri tatu ndizo zinazobeba kazi: pcmpeqb inalinganisha baiti 16 kwa pamoja, pmovmskb inakusanya matokeo kuwa biti 16 ndani ya rejista ya kawaida, na bsf inataja biti ya kwanza iliyowaka. Hii hapa fanksheni nzima:

```
nakili:
    mov      rax, rdi
    pxor     xmm0, xmm0
    mov      ecx, esi
    and      ecx, 4095
    cmp      ecx, 4080
    ja       .mpakani
.soma:
    movdqu   xmm1, [rsi]
    pcmpeqb  xmm0, xmm1
    pmovmskb edx, xmm0
    test     edx, edx
    jnz      .fupi
    movdqu   [rdi], xmm1
    sub      rdi, rsi
    add      rsi, 16
    and      rsi, -16
    jmp      .ingia
align 16
.lupu:
    movdqu   [rsi+rdi], xmm1
    add      rsi, 16
.ingia:
    movdqa   xmm1, [rsi]
    pcmpeqb  xmm0, xmm1
    pmovmskb edx, xmm0
    test     edx, edx
    jz       .lupu
    bsf      edx, edx
    add      rsi, rdx    ; rsi iko juu ya sifuri yenyewe
    movdqu   xmm1, [rsi-15]
    movdqu   [rsi+rdi-15], xmm1
    ret

.fupi:
    bsf      edx, edx
    inc      edx         ; baiti 1 hadi 16, pamoja na sifuri
    cmp      edx, 8
    jb       .chini8
    mov      rcx, [rsi]
    mov      r8, [rsi+rdx-8]
    mov      [rdi], rcx
    mov      [rdi+rdx-8], r8
    ret
.chini8:
    cmp      edx, 4
    jb       .chini4
    mov      ecx, [rsi]
    mov      r8d, [rsi+rdx-4]
    mov      [rdi], ecx
    mov      [rdi+rdx-4], r8d
    ret
.chini4:
    cmp      edx, 2
    jb       .moja
    movzx    ecx, word [rsi]
    mov      [rdi], cx
.moja:
    mov      byte [rdi+rdx-1], 0
    ret

.mpakani:
    mov      r9, rsi
    and      r9, -16
    and      ecx, 15
    movdqa   xmm1, [r9]
    pcmpeqb  xmm1, xmm0
    pmovmskb edx, xmm1
    shr      edx, cl
    jnz      .fupi
    jmp      .soma
```

Isome taratibu, kwa sababu karibu kila mstari una sababu yake.

Mwanzoni tunauliza stringi inaanzia wapi ndani ya ukurasa. Ikianzia nafasi ya 4080 au kabla yake, baiti 16 za kwanza zinaisha ndani ya ukurasa huohuo, na tunasoma bila wasiwasi. Ikianzia baada ya hapo tunakwenda .mpakani. Huko tunarudi nyuma hadi anwani inayogawanyika kwa 16, tunasoma baiti 16 za mwisho za ukurasa, kisha shr inatupa alama za baiti zilizotangulia stringi. Sifuri ikipatikana, kazi ni fupi. Isipopatikana, stringi inaendelea kwenye ukurasa unaofuata, maana haijaisha. Basi ukurasa huo upo na unasomeka, na tunarudi .soma kwa usalama. Katika programu halisi njia hii hupitiwa mara chache sana, kwa hiyo nimeiweka mwisho kabisa, isichukue nafasi kati ya msimbo unaotumika kila wakati.

Angalia xmm0. pcmpeqb inaandika jibu juu yake, lakini kama hakuna sifuri iliyopatikana, jibu ni sifuri tupu, yaani xmm0 inabaki ilivyokuwa. Hatuhitaji kuisafisha tena ndani ya lupu.

Baada ya kuandika baiti 16 za kwanza, rsi inasogezwa hadi mpaka wa 16 unaofuata. Huenda ikasonga baiti 16 kamili, huenda moja tu, na baadhi ya baiti zikanakiliwa mara mbili. Hakuna ubaya: thamani ni zilezile. Gharama yake ni ndogo kuliko lupu ya kusogea baiti moja moja hadi mpakani.

Mkia nao unatumia hila hiyohiyo. Sifuri ikishajulikana ilipo, tunasoma baiti 16 zinazoishia juu yake na kuziandika kwa mkupuo mmoja. Hatuwezi kugusa kabla ya mwanzo wa stringi, kwa kuwa baiti 16 za kwanza zilikwisha kuthibitika hazina sifuri. Na hatuandiki baiti hata moja baada ya sifuri. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora ya fanksheni nzima: mkia wa urefu wowote, amri zilezile, bila kuruka hata mara moja.

Njia ya .fupi inastahili uangalifu wako kuliko lupu. Stringi nyingi katika programu za kawaida ni fupi: majina, funguo, vipande vya njia za mafaili. Kwa hizo lupu kuu haiguswi kabisa, na kinachoumiza ni ubashiri wa miruko, yaani prosesa kukisia mapema msimbo utaruka wapi. Prosesa ikibashiri vibaya inapoteza mizunguko kama 15 hadi 20, muda unaotosha kunakili mamia ya baiti. Ndiyo maana kila kundi la urefu linatumia kusoma mara mbili kunakopishana. Kwa baiti 11, kwa mfano, tunachukua nane za mwanzo na nane za mwisho, tano zikipishana katikati, na hakuna haja ya kujua kama ni 9, 11 au 14.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tumepanga chanzo kwenye mpaka wa 16 na si lengo. Upande wa chanzo ni suala la usalama, upande wa lengo ni suala la kasi tu. Kuandika kunakovuka mstari wa baiti 64 wa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kuna gharama yake, lakini hakuui programu.

pcmpistri, amri ya kundi la baadaye la SSE4.2, iliwekwa mahususi kwa ajili ya stringi. Kwa kutafuta sifuri tu, iache: ni nzito kuliko jozi ya pcmpeqb na pmovmskb.

Hatua ya nne: stringi ndefu

Ukijua stringi zako hufika mamia au maelfu ya baiti, kagua 64 kwa mara moja:

```
    movdqa   xmm1, [rsi]
    movdqa   xmm2, [rsi+16]
    movdqa   xmm3, [rsi+32]
    movdqa   xmm4, [rsi+48]
    movdqa   xmm5, xmm1
    pminub   xmm5, xmm2
    movdqa   xmm6, xmm3
    pminub   xmm6, xmm4
    pminub   xmm5, xmm6
    pcmpeqb  xmm5, xmm0
    pmovmskb edx, xmm5
    test     edx, edx
```

pminub inabakiza baiti ndogo kati ya kila mbili, kwa hiyo sifuri popote kati ya 64 itajitokeza mwishoni, na jaribio moja linatosha badala ya manne. Hapa rsi lazima igawanyike kwa 64, si kwa 16 tu. Vinginevyo kundi la 64 linaweza kuvuka ukurasa. Ifikishe hapo kwa ile lupu ya 16. Na sifuri ikionekana, usiandike chochote: rudi .ingia na rsi ileile, nayo lupu ya 16 itamalizia.

AVX2, iliyoanza na prosesa za Intel za Haswell mwaka 2013, inaruhusu amri hizi kufanya kazi kwenye rejista za baiti 32. Mantiki haibadiliki, ila uhakikishe kwa CPUID na XGETBV, amri za kuuliza uwezo uliopo, kwamba prosesa na mfumo wa uendeshaji vyote vinaikubali, na uweke vzeroupper, inayosafisha nusu ya juu ya rejista hizo, kabla ya ret. glibc, maktaba ya C ya Linux, hufanya hivyo: ina matoleo kadhaa ya strcpy na huchagua moja kulingana na prosesa iliyokutwa.

Urefu ukijulikana, usitafute mwisho

Hili lingeweza kuwa la kwanza. Kama programu yako tayari inajua urefu, au ingeweza kuutunza pale stringi ilipoundwa, kutafuta sifuri ni kazi ya bure. Kwa kuhamisha tu, ukiwa na idadi ya baiti ndani ya rdx, hii inatosha:

```
    mov   rax, rdi
    mov   rcx, rdx
    rep   movsb
    ret
```

Kuanzia Ivy Bridge ya 2012, prosesa za Intel hutekeleza rep movsb kwa vipande vikubwa ndani kwa ndani. Utaitambua kwa biti ya 9 ya EBX kwenye CPUID namba 7. Tatizo lake ni gharama ya kuanza, inayoifanya iwe mbaya kwa vipande vifupi. Ice Lake ya 2019 ilileta uboreshaji wa vipande vifupi, unaoonyeshwa na biti ya 4 ya EDX kwenye CPUID hiyohiyo. Kwa prosesa za zamani, vipande vifupi vipitishe kwenye ile .fupi yetu, na rep movsb ibaki kwa vikubwa.

Kupima

Kosa la kawaida la upimaji ni kunakili stringi ileile mara milioni. Prosesa hujifunza mapema kila mruko unakwenda wapi, na unapata namba ambayo hutaiona tena kwenye programu halisi. Tengeneza orodha ya stringi elfu kadhaa zenye urefu uliochanganywa ovyo, kwa mgawanyo unaofanana na wa programu yako, zianzie kwenye anwani tofauti tofauti, kisha pima orodha nzima.

rdtsc, amri inayosoma kihesabio cha muda cha prosesa, inafaa, ila ihesabu vizuri: weka lfence kabla yake ili amri zilizotangulia ziishe, na ujue kwamba inahesabu kwa kasi isiyobadilika hata prosesa inapopandisha au kushusha kasi yake halisi. Kwa mizunguko halisi tumia `perf stat -e cycles,instructions,branch-misses`. Gawanya branch-misses kwa idadi ya stringi. Ukipata karibu moja kwa kila stringi, muda wako unaliwa na miruko ya .fupi, na kupanua lupu hadi baiti 64 hakutakusaidia. Jaribu kupunguza makundi ya urefu au kuyapanga upya, lile linalotokea mara nyingi likaguliwe kwanza. Ukipata karibu sifuri huku mizunguko ikiwa mingi, angalia kache: huenda data yenyewe haipo karibu na prosesa, na hapo hakuna amri ya kunakili itakayoiharakisha.